Ala, Mkono na Nia

Mwaka 1971, katika studio moja ya London, kijana mwimbaji aliyekuwa akijulikana wakati huo kwa jina la Cat Stevens alitaka kutia katika santuri wimbo wa kanisani uitwao "Morning Has Broken", ambao maneno yake yalitungwa na mshairi wa Kiingereza Eleanor Farjeon na kuchapishwa mwaka 1931, na mahadhi yake, yaliyo ya kale kuliko maneno, yalitoka kwa Wagaeli wa Uskoti yakaitwa kwa jina la Bunessan, kijiji cha kisiwa cha Mull. Wimbo ulikuwa mzuri lakini mfupi mno, haukutosha kwa santuri. Kwa hiyo akaitwa mpiga piano wa kukodiwa, Rick Wakeman, aliyezaliwa mwaka 1949 pande za magharibi za mji huo huo, na ambaye alikuwa ameacha masomo yake katika Royal College of Music kwa sababu kazi za studio zilimzidi. Akaketi mbele ya piano, akautilia wimbo ule dibaji, viunganishi na tamati ambavyo leo hapana aujuaye wimbo akaweza kuvitenga nao. Mwenyewe amesimulia kwamba dibaji ile aliichota katika kazi aliyokuwa akiitunga kwa haja zake, na kazi hiyo ilipotoka mwaka 1973 ilibeba jina la Catherine Howard, malkia wa Uingereza aliyekatwa kichwa mwaka 1542 kwa amri ya mumewe. Sauti zile zile, basi, zilizowafungulia watu mlango wa kumhimidi Muumba kwa asubuhi njema zilikuwa na undugu na kumbukumbu ya mwanamke aliyeuawa, na mkono uliozipiga ulikuwa umekuja kutafuta ujira. Jina la mwenye mkono huo halikuandikwa katika jalada la santuri.

Nayataja haya kwanza kwa sababu yanatuletea mas'ala ambayo waumini wa dini kubwa wameyashughulikia kwa karne nyingi, wala hawajayamaliza: ibada iliyomo katika sauti hukaa wapi? Imo katika ala, au katika mkono wa aipigaye, au moyoni mwake, au moyoni mwa asikiaye? Wale vijana wawili waliokutana mbele ya piano ile walikuja kulijibu swali hilo kwa maisha yao, tena kwa njia mbili zilizoachana sana. Stevens, baada ya kunusurika kuzama baharini huko Malibu, California, na baada ya kupewa Kurani na ndugu yake, alitamka shahada mwezi wa Desemba 1977 katika msikiti wa Regent's Park, akajiita Yusuf Islam, akaziuza gitaa zake kwa ajili ya sadaka, akakaa karibu miaka 28 bila ya kutoa santuri ya muziki kama ule wa zamani. Wakeman, ambaye katika ujana wake alikuwa akihudhuria kanisa la Wabaptisti la South Harrow na kuwafundisha watoto katika shule ya Jumapili, alijiunga mwaka huo huo wa 1971 na bendi iitwayo Yes, akazungukwa na vinanda vya kila namna mpaka wasikilizaji walioketi mbali wakawa hawaoni ila nywele zake ndefu na joho lake linalometameta. Na miaka mingi baadaye, mwaka 1987, akatoa kazi juu ya Injili nne, iliyotungwa kwa sauti ya mwimbaji wa tenori pamoja na kwaya. Mmoja alimtafuta Mola wake kwa kuziweka ala chini, na mwingine kwa kuziinua.

Kabla ya kuwapima watu hawa ni haki tukumbuke kwamba kuziweka ala chini si upofu wala si kukosa ladha, kama baadhi ya watu wa zama hizi wanavyodhani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima katika Ihya Ulum al-Din kuzungumzia adabu za kusikiliza na za kupandwa na hali, na mojawapo ya hoja zake kubwa ni kwamba kusikiliza hakutii moyoni kitu kisichokuwamo, bali huchochea kile kilichomo. Aliziharimisha baadhi ya ala za nyuzi na za kupuliza, wala si kwa ajili ya utamu wake, maana utamu wa sauti ya ndege haukuharimishwa na mtu, bali kwa kuwa zilikuwa alama za walevi na mabaraza yao. Kwa hiyo hata mbele ya hakimu yule mkubwa, ala haikushitakiwa kwa jinsi ilivyo. Ilishitakiwa kwa watu waliofuatana nayo. Pwani yetu imeyaona hayo kwa macho yake. Habib Saleh wa Lamu, mwenye asili ya Ngazija, alipoyaingiza matari katika maulidi, wako watu wa heshima na elimu katika mji waliomkanya, wakaona kwamba ngoma haistahiki kukaribia jina la Mtume. Naye akaendelea, na leo maulidi ya msikiti wa Riyadha huwakusanya watu kutoka kila upande wa mwambao huu. Wala ihtilafu hii si ya Waislamu peke yao. Huldrych Zwingli wa Zürich, aliyekuwa mpigaji hodari wa ala nyingi, ndiye aliyevinyamazisha vinanda vya makanisa ya mji wake mwaka 1524, na mwaka 1527 kile cha kanisa kuu la Grossmünster kikabomolewa. Bunge la Uingereza nalo likaamuru mwaka 1644 kwamba vinanda viondolewe makanisani. Angalieni kwamba Zwingli na Yusuf Islam wote wawili walikuwa mafundi: waliijua nguvu ya kitu walichokiacha, na kwa hiyo ushahidi wao una uzito kuliko wa mtu ambaye masikio yake hayakupata kutekwa.

Husemwa na wengi kwamba ala ni kama kata ya kuchotea maji, isiyojua kama maji iyachotayo ni ya udhu au ya kupikia, na kwamba dhambi na thawabu ni za mwenye kuchota. Usemi huu ni mwepesi, na kwa wepesi wake unapendeza. Lakini kata haimfundishi mtu chochote, ilhali ala humlea aishikaye. Humfundisha vidole vyake namna ya kwenda, humfundisha sikio lake lipende nini na lichoke na nini, humpa kiburi au humnyenyekeza, na baada ya miaka 20 mpiga kinanda ni mtu ambaye kinanda chake kimeshiriki katika kumuumba. Ndiyo sababu naona kwamba maisha ya Wakeman, aliyeshika ala nyingi kwa zamu na kwa pamoja, yanafaa kuchunguzwa na mtu atakaye kujua mas'ala haya.

Tuanze na kinanda cha Hammond, ambacho katika ule muziki wa roki ulioitwa progresivu, yaani ule uliotaka kuwa na urefu na usanii wa muziki wa kale wa Ulaya, kilikuwa takriban nguzo ya nyumba. Laurens Hammond wa Chicago alikuwa fundi wa saa, wala hakuwa mpiga muziki. Mwaka 1935 alileta sokoni kinanda kisicho na bomba hata moja, ambacho ndani yake magurudumu madogo ya chuma 91 huzunguka mbele ya sumaku, na umeme unaotokana na mzunguko huo hugeuzwa kuwa sauti. Makanisa yasiyokuwa na fedha za kununua kinanda cha mabomba yalikikimbilia. Watengenezaji wa vinanda vya mabomba walinung'unika, na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikamshitaki Hammond kwamba anawadanganya watu anapodai kinanda chake kinaweza kutoa sauti za kile cha mabomba. Mwaka 1937, katika kanisa la Rockefeller la chuo kikuu cha Chicago, kikafanywa kitu ambacho nadhani wanafalsafa wangekitamani: vinanda vyote viwili vilipigwa pasipo wasikilizaji kuona ni kipi kinachopigwa, wakaombwa waseme, na watu wenye masikio ya kusifiwa wakakosea mara nyingi. Tume mwaka uliofuata ilimkataza Hammond baadhi ya madai yake. Lakini swali lililoulizwa kanisani siku ile halikujibiwa na tume yoyote. Ikiwa sikio halitambui, je, moyo uliosali kwa sauti ya magurudumu ya chuma umesali pungufu?

Kinanda cha mabomba chenyewe hakina nasaba ya kujivunia katika jambo hili. Kilibuniwa na Ktesibio, fundi wa Iskandaria, katika karne ya tatu kabla ya kuzaliwa kwa Masihi, nacho kilikwenda kwa nguvu za maji. Warumi wakakipiga katika viwanja vyao vya michezo, mahali palipomwagwa damu kuwafurahisha watazamaji. Kisha baada ya karne nyingi kikaingia kanisani kikawa sauti ya utukufu. Hammond ya aina ya C3, ambayo ndiyo aliyokuwa akiipiga Wakeman, ilitengenezewa kabati la mbao lililofungwa kwa ajili ya makanisa, na mpiga roki mwenye joho alipoketi mbele yake alikuwa ameketi mbele ya samani ya ibada. Ala, basi, huhama kutoka uwanja wa damu kwenda madhabahuni na kutoka madhabahuni kwenda jukwaani, na katika safari hiyo haiachi kuwa yenyewe. Mwaka 1972 Yes walipotunga "Close to the Edge", ambayo mwimbaji wao Jon Anderson aliipata kwa sehemu katika kukisoma kitabu cha Hermann Hesse juu ya Siddhartha na mto wake, walikwenda kunasa sauti ya kinanda cha mabomba katika kanisa la St Giles-without-Cripplegate. Katika kanisa hilo Oliver Cromwell alioa mwaka 1620, miaka 24 kabla ya Bunge alilokuwa upande wake kuamuru vinanda viondolewe. Na humo humo akazikwa mwaka 1674 John Milton, mshairi wa Wapuritani, ambaye alipenda kukipiga kinanda kwa mikono yake mwenyewe. Mabomu ya vita yaliliunguza kanisa lile mwaka 1940, likajengwa upya, na kuta zake zikapokea wimbo wa roki uliotokana na hadithi ya mtafutaji wa Kihindi.

Sasa nifike kwenye chombo kilichonishughulisha kuliko vyote, nacho ni Mellotron. Kilitengenezwa mjini Birmingham kuanzia mwaka 1963 na ndugu wa nyumba ya Bradley, juu ya msingi wa uvumbuzi wa Mmarekani Harry Chamberlin. Kwa nje ni kabati lenye vibao vya kinanda. Ndani, chini ya kila kibao, umelala utepe wa sumaku ambao juu yake imenaswa sauti moja ya kweli ya fidla, au ya filimbi, au ya kwaya ya wanadamu. Mpigaji abonyezapo kibao, utepe huvutwa na sauti husikika. Aachiapo, springi huurudisha utepe mwanzo. Na utepe huo una urefu wa sekunde 8 tu. Baada ya sekunde 8 sauti hukatika, hata kama kidole bado kimekandamiza na moyo bado unataka. Wakeman alikipiga chombo hiki mwaka 1969 katika "Space Oddity" ya David Bowie, alipokuwa na umri wa miaka 20, akajulikana miongoni mwa watu wa studio kwa ustadi wa kukidhibiti, kwa maana Mellotron ilikuwa na tabia ya kupotoka katika sauti, kwa joto na kwa baridi na kwa umeme usiotulia. Na katika Yes akakitumia kwa sauti za fidla zile zinazoinuka kama wingu katika "And You and I".

Fikirini hali ya wale waliotoa sauti zao. Waliitwa katika chumba, wakapewa ujira wao, wakapiga au wakaimba sauti moja moja bila ya maneno, kila moja kwa muda wa pumzi moja, kisha wakaenda zao. Baadaye, katika mji wasioujua, mtu wasiyemjua huwaita tena kwa kidole, akawaunganisha katika mfuatano ambao hawakupata kuuimba, na wengine wao wameshakufa. Je, ni wao wanaoimba? Tangu fonografu ilipofika katika nchi za Waislamu, wanazuoni wamejadiliana kama mtu asikiaye aya ya sijida kutoka katika mashine yampasa kusujudu, na wengi wakasema haimpasi, kwa kuwa sauti ile haina nyuma yake msomaji mwenye akili na makusudio. Na hukumu hiyo waliijenga juu ya kauli ya wanafiqhi wa kale wa madhehebu ya Hanafi, waliokwisha kusema kwamba mwangwi wa mlimani na ndege aliyefunzwa hawamlazimishi mtu sijida. Naiona hukumu hii kuwa ya haki na yenye kina. Kwaya iliyo ndani ya Mellotron haimhimidi yeyote, kama mwangwi usivyomhimidi yeyote. Lakini hoja haimalizikii hapo, maana mwangwi haupigwi na mtu, na Mellotron hupigwa. Nyuma ya sauti zile zisizo na nia yuko mtu mmoja mwenye nia, au apasaye kuwa nayo, ambaye amekabidhiwa pumzi za watu waliotoweka. Amana ya jinsi hii si ndogo. Mwenye kuichukua anasema kwa vinywa visivyoweza kumkanusha.

Na zile sekunde 8 zina fundisho lake. Mpiga Mellotron hawezi kusimama mahali pamoja; ni lazima aondoe kidole kimoja na kuweka kingine kabla pumzi haijakatika, na kwa hiyo muziki wake hupumua kama watu wanavyopumua. Wakeman hakuridhika na mpaka huo. Alikutana na kijana wa Kimarekani, Dave Biro, aliyebuni chombo ambacho utepe wake ulizunguka bila ya mwisho, ili sauti idumu maadamu kidole kimebonyeza, akakitumbukizia chombo hicho, kilichoitwa Birotron, fedha nyingi. Vikatengenezwa vichache mno, na biashara ikafa. Sisemi kwamba alikosea kukitaka. Nasema kwamba mwanadamu aliyepewa sauti za wanadamu wenziwe alitamani ziache kuwa na mwisho, na tamaa hiyo naitambua, kwa kuwa ndiyo inayotupeleka misikitini na makanisani.

Juu ya Minimoog sina mengi. Ni chombo kidogo cha umeme kilichotoka kwa Robert Moog katika jimbo la New York mwaka 1970, chenye vibao 44, na ambacho hakiwezi kutoa ila sauti moja kwa wakati mmoja. Wakeman amesimulia kwamba chake cha kwanza alikinunua kwa nusu ya bei kwa mwigizaji wa filamu aliyedhani kimeharibika, kwa kuwa alibonyeza vibao viwili akasikia sauti moja tu. Mtu mmoja aliona upungufu, mwingine akaona ulimi wa kusemea; na kwa ala hiyo ya sauti moja Wakeman alisikika juu ya ngoma na gitaa zote.

Lililo zito zaidi ni la mwaka 1973. Jon Anderson alisoma katika kitabu cha maisha ya Paramahansa Yogananda tanbihi inayoeleza maandiko matakatifu ya Kihindi, akaona humo mpango wa kazi kubwa, na Yes wakaitoa katika santuri mbili, pande nne, zaidi ya dakika 80, kwa jina la Tales from Topographic Oceans. Wakeman hakuielewa wala hakuipenda, na hakuficha. Akaipiga usiku baada ya usiku, mkono wake ukiwa katika kazi na moyo wake nje, mpaka siku moja mjini Manchester, kama mwenyewe alivyosimulia, akala mchuzi wa Kihindi jukwaani wakati wenziwe wakipiga. Mwezi wa Mei 1974, alipotimiza umri wa miaka 25, akatoka katika bendi. Wako waliocheka na wako waliokasirika. Mimi naona kwamba katika kutoka kwake mlikuwa na ikhlasi kuliko katika kubaki, kwa kuwa kazi ile ilidai kuwa safari ya roho, na mtu asiyesafiri hana haki ya kuchukua nauli. Lakini papo hapo linanijia jambo linalonizuia kuhukumu upesi: wako wasikilizaji ambao kwao santuri ile ilikuwa faraja na mwanga, na sauti walizoziona kuwa mbingu zinafunguka zilitoka katika vidole vya mtu ambaye fikira zake zilikuwa kwingine.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuchanganya thawabu na manufaa. Mafundisho yaliyo mashuhuri kwa kila Muislamu kwamba amali huhesabiwa kwa nia yanahusu malipo ya mtendaji mbele ya Mola wake. Hayasemi kwamba tendo lisilo na nia halimfai mwingine. Mtu aweza kuchimba kisima kwa riyaa, ili asifiwe, na wenye kiu wakanywa maji yale yale ambayo wangekunywa kama angechimba kwa ajili ya Mungu. Yeye amepoteza malipo yake, wao hawakupoteza maji. Wakristo nao walilikata shauri kama hilo zamani, Agostino alipobishana na Wadonatisti na kushikilia kwamba ubaya wa mhudumu haubatilishi sakramenti. Muziki uko hivyo. Mpiga piano wa kukodiwa wa mwaka 1971 alipata alichokijia au hakukipata. Wimbo ukawanufaisha mamilioni. Na kati ya hayo mawili hapana mizani iwezayo kushikwa na mwanadamu.

Wakeman alirudi katika Yes, nao wakaenda Uswisi kuinasa Going for the One, iliyotoka mwaka 1977. Studio ilikuwa Montreux, na kinanda cha mabomba walichokitaka kilikuwa katika kanisa la St Martin, mjini Vevey, mwendo wa kilomita chache kando ya ziwa. Wakaunganisha mahali hapo pawili kwa nyaya za simu, Wakeman akapiga peke yake kanisani huku wenziwe wakipiga studioni, wakasikilizana bila ya kuonana. Katika "Awaken" sauti ya kinanda kile husikika ikijaza jengo ambalo waimbaji wake hawamo. Wakeman mwenyewe, aliyewahi kusema wazi asipokipenda kitu, ameisifu kazi hii kwa miaka yote. Baadaye akarudi Vevey kunasa kwa kinanda hicho hicho kipande alichokiita "Judas Iscariot", kwa ajili ya santuri yake mwenyewe, na nani asiyeona kwamba kumpiga Yuda kwa kinanda cha kanisa ni kuuliza swali gumu juu ya nani ana haki ya kuombolezwa humo?

Moyo wake wa nyama ulikuwa umekwisha kumpa onyo. Mwaka 1974, baada ya tamasha la Crystal Palace, alipatwa na ugonjwa wa moyo naye ana miaka 25 tu, kwa kazi nyingi na ulevi mwingi; hospitalini akashauriwa aache, naye akaanza kutunga kazi juu ya mfalme Arthur akiwa kitandani. Miaka ya dhiki ilifuata, ya talaka na ya kufilisika, na imani ya ujana wake ikamrudia kwa nguvu katika miaka ya themanini. Watu wapendao hadithi zilizonyooka husema kwamba aliacha vinanda vingi akarudi kwenye piano moja, kama mtu aliyetubu. Si kweli. Mwaka 2020, alipotimiza miaka 71, alitoa The Red Planet, kazi ya vinanda vya umeme kwa wingi wake wote wa zamani, wala joho halikuachwa. Piano na vinanda vya umeme vimekaa pamoja katika maisha yake, na imani imekaa juu ya vyote bila ya kukifukuza chochote.

Hata hivyo piano ina daraja lake, na sababu yake iko katika umbile lake. Sauti ya piano huanza kufa mara ile inapozaliwa. Hapana kidole kiwezacho kuishikilia. Kinanda cha mabomba chaweza kuidumisha mpaka mpigaji achoke, Birotron ilitaka kuidumisha milele, lakini mpiga piano hana ila wakati wa kugonga, na baada ya hapo mambo yametoka mkononi mwake. Bowie alipofariki tarehe 10 Januari 2016, Wakeman aliombwa aipige redioni "Life on Mars?", ambayo aliipiga kwa ajili yake mwaka 1971 katika studio ya Trident juu ya piano ya Bechstein, akaipiga bila ya mwimbaji, na watu waliosikia wakaomba itolewe kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Mwaka uliofuata ikatoka Piano Portraits, na miongoni mwa nyimbo zilizomo ni "Morning Has Broken", piano peke yake. Mkono ni ule ule, dibaji ni ile ile, na kati ya mara mbili hizo imepita karibu nusu karne, ugonjwa, hasara, na imani iliyorudi. Nimezisikiliza zote mbili kwa makini. Sikio langu halitambui ipi ni ya kijana wa ujira na ipi ni ya mzee mwenye kuamini, ila kwa upole wa mguso ambao huenda ni wa umri tu. Kama vile wale wa Chicago wasivyotambua magurudumu ya chuma na mabomba ya hewa. Nia haikuumbwa isikike na viumbe, na yeyote anayedai kuisikia katika muziki wa mwingine amejipa cheo kisichokuwa chake.

Yusuf Islam alirejea kwenye gitaa mwaka 2006. Wako Waislamu waliomlaumu kwa kurejea, kama walivyokuwako mashabiki waliomlaumu kwa kuacha, na mwaka 2014 akachapisha kitabu kueleza kwa nini bado anabeba gitaa. Mimi siwezi kuiona miaka ile 28 kuwa hasara aliyoirekebisha kwa kurejea. Katika miaka hiyo alianzisha shule ya watoto wa Kiislamu mjini London, mwaka 1983, akalea, akasoma, na akatoa masimulizi ya maisha ya Mtume yasiyokuwa na gitaa wala piano. Mtu aliyelelewa na gitaa tangu ujana alihitaji kujua yeye ni nani pasipo mlezi wake, na hakuna njia ya kulijua hilo ila kumwacha, tena kwa muda usiojulikana, kwa kuwa anayeiacha ala yake akiwa ameshaihesabu siku ya kuirudia hajaiacha. Zwingli hakurudi kwenye vinanda, naye alikuwa mkweli. Wakeman hakuviacha, na simwoni kuwa pungufu katika dini yake. Lakini kati ya hao watatu ni Yusuf peke yake aliyekwenda njia zote mbili, na kama ningepewa nafasi ya kumwuliza mmoja wao swali moja, ningemwuliza yeye kama vidole vyake, siku alipoishika tena gitaa, vilikumbuka kitu ambacho moyo ulikuwa umekisahau, au ni moyo uliovifundisha vidole upya.